Msuli wa Nyuma ya Paja: Barafu, Kitanda au Mazoezi?

Jumapili jioni hapa Waithaka huenda umemwona kijana akikimbilia mpira, mara anashika nyuma ya paja na kuanguka kama aliyepigwa jiwe. Wenzake wanamkanda papo hapo, mmoja anatumwa barafu. Je, wanafanya sawa?

Wapenzi wa riadha wanakumbuka Barcelona, 1992. Katika mbio za mita 400, ambazo Samson Kitur wetu alipata shaba, Mwingereza Derek Redmond alichanika msuli huo kwenye nusu fainali. Aliinuka akachechemea hadi mwisho, babake akimshikilia. Uwanja mzima ulimshangilia. Mimi nasema picha ilikuwa nzuri, tiba ilikuwa mbaya. Usimwige.

Habari ya barafu ilienezwa na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, katika kitabu chake cha 1978: pumzika, weka barafu, funga bendeji, inua mguu. Makocha waliishika kama amri. Lakini mwaka 2014 Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu na kupumzika kabisa huenda vikachelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe wa mwanzo ndio huleta chembe za damu zinazokarabati msuli. Ni daktari gani mwingine unayemjua aliyejikosoa hivyo hadharani? Barafu ya dakika 10 siku ya kwanza, kutuliza maumivu, haina neno. Kulala kitandani wiki tatu ndiko kunakoudhoofisha mguu.

Huko Sweden, mwaka 2013, Carl Askling na wenzake walichapisha matokeo ya wachezaji kandanda 75 waliochanika. Waliofanya mazoezi ya kuurefusha msuli polepole huku ukibeba uzito walirudi uwanjani kwa wastani wa siku 28. Waliopewa mazoezi ya kawaida walichukua siku 51.

Kwa hivyo siku za kwanza usikandwe wala usijinyooshe kwa nguvu; tembea kadiri maumivu yanavyokuruhusu. Yakipungua, lala chali, kunja magoti, inua kiuno taratibu. Halafu kimbia polepole, na mbio za kasi ziwe za mwisho. Vijana wengi huchanika tena kwa sababu maumivu yameisha kabla kovu halijapata nguvu.

Ukisikia mlio kama kamba ikikatika, paja likawia jeusi, au ukashindwa kukanyaga, usingoje. Nenda hospitali ya Mutuini siku hiyo hiyo.