Ustahimilivu wa Kinga

Figo ya mtu mwingine ikipandikizwa mwilini, seli T za mgonjwa huzisoma antijeni za HLA zilizo juu yake, huziona ngeni na kuanza kuishambulia. Huo ni ukataaji, na ndiyo sababu mgonjwa hunywa dawa za kutuliza kinga. Kinga ikiitambua tishu ngeni lakini isiishambulie, hali hiyo huitwa ustahimilivu wa kinga.

Kondo la nyuma lilistahili kukataliwa. Nusu ya jeni zake ni za baba, nalo hujichimbia katika ukuta wa mfuko wa uzazi, likiogeshwa na damu ya mama hadi siku ya kujifungua. Mwanabiolojia Mwingereza Peter Medawar aliuliza mwaka 1953 kwa nini mimba haikataliwi, na miongoni mwa majibu aliyoyapendekeza ni kwamba huenda kinga ya mama hupoa wakati wa ujauzito.

Haipoi. Seli za kondo zinazopenya ukuta huo hazionyeshi HLA-A wala HLA-B, ambazo huzichochea sana seli T. Huonyesha HLA-G, protini inayoshika vipokezi vya seli za kinga na kuzizuia zisiue. Nazo seli za kinga zimejaa papo hapo. Baadhi yake husaidia kupanua mishipa ya damu inayolisha mimba. Kwa hiyo siafiki kuandika “ulegevu wa kinga”, na “upungufu wa kinga” ni hatari zaidi: kwa msomaji wa Kiswahili hayo ni maneno ya UKIMWI. “Uvumilivu” umekaribia, ila aghalabu anayevumilia anaumia. Kustahimili kunabeba nguvu iliyojizuia, na ndivyo seli hizi zilivyo.

Neno hili linahitajika pia kwa madaktari wa macho. Utando wa ndani wa chupa ya uzazi, ile ambayo wakunga husema imepasuka, hushonwa juu ya konea iliyoungua. Hutolewa na mama asiye ndugu wa mgonjwa, lakini kwa kawaida haukataliwi: hauna mishipa ya damu, na ukigandishwa kwa ajili ya kuhifadhiwa, seli zake nyingi hufa. Hata hivyo, ustahimilivu huo una mpaka. Katika majaribio ya panya, seli hai za utando huo zilipopandikizwa kwa wanyama ambao kinga yao ilikwisha kuamshwa dhidi yake, zilikataliwa.