Upasuaji wa saratani ya kongosho: ni nini humtia mgonjwa hatarini baada ya kisu?

Mtu wa Kitui au Makueni akiona macho ya jamaa yake yamegeuka manjano, si ajabu akakumbuka mahindi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua Ukambani na sehemu jirani, na 125 kati yao wakafa, baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu na kujaa sumu ya aflatoksini. Wengi wao walitoka Makueni na Kitui. Sumu ile hushambulia ini, na kumbukumbu yake haijafutika.

Lakini upo umanjano mwingine usiotokana na mahindi wala homa. Huja polepole, mara nyingi bila maumivu makali. Mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kinapauka kama udongo, ngozi inawasha usiku kucha, na mtu anakonda. Hapo huenda mrija wa nyongo umezibwa, na mojawapo ya vitu vinavyouziba ni saratani iliyoota kwenye kichwa cha kongosho. Dawa za miti shamba za kusafisha ini haziwezi kuufungua mrija huo. Kinachofaa ni picha ya ultrasaundi, kisha ya CT, na hizo ndizo za kuanza kuulizia katika hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Kitui mjini, Wote au hapa kwetu Mombasa.

Nimechagua kueleza habari ya majirani zetu hawa kwa sababu safari yao inafanana na ya mgonjwa wa Tana River au Taita Taveta, kaunti zinazopakana nao. Upasuaji wenyewe kwa kawaida hufanyiwa mbali na nyumbani, mara nyingi Nairobi, na jamaa huitwa kutia sahihi karatasi wasiyoielewa.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Kongosho ni tezi ya urefu wa kama sentimita 15 iliyolala nyuma ya tumbo la chakula. Inatengeneza insulini ya kutawala sukari, na maji makali ya kuyeyusha chakula. Saratani ikiwa kwenye kichwa chake, daktari hukata kichwa hicho, mwanzo wa utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo, kipande cha mrija wa nyongo na wakati mwingine sehemu ya tumbo la chakula. Halafu huunganisha upya: kongosho na utumbo, mrija wa nyongo na utumbo, tumbo la chakula na utumbo. Upasuaji huu unaitwa Whipple, kwa jina la daktari Allen Whipple wa New York aliyeueleza mwaka 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alikuwa ameshamfanyia mgonjwa upasuaji wa namna hiyo mwaka 1909. Wanaofaa kufanyiwa ni wachache. Katika kila wagonjwa 10 wanaogunduliwa kuwa na saratani hii, takriban 2 tu ndio ambao uvimbe wao bado unaweza kutolewa.

Hata katika hospitali bingwa, thuluthi moja hadi nusu ya wagonjwa hupata tatizo fulani baadaye. Wengi wao hupona. Linaloogopwa zaidi ni kuvuja kwa ule muungano wa kongosho na utumbo. Maji yake yaliumbwa kuyeyusha nyama, basi yakimwagika ndani ya tumbo huanza kula viungo vya mwenyewe, na yakifika kwenye mshipa wa damu, mshipa hupasuka. Ndiyo sababu mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akiwa na mipira ubavuni ya kutolea maji, na kuanzia siku ya tatu maji hayo hupimwa maabara kuona kama yana kimeng'enya cha kongosho. Mpira huo usivutwe wala kutolewa kwa sababu tu mgonjwa amechoka nao.

Nani yuko hatarini zaidi kuvuja? Jibu linashangaza. Kongosho laini lenye mrija mwembamba, chini ya milimita 3, ndilo baya kushona. Ni kama kupitisha uzi kwenye siagi. Saratani ya kongosho lenyewe mara nyingi hulifanya gumu, na gumu hushika uzi. Mwenye uvimbe mdogo kwenye mdomo wa mrija wa nyongo, ambaye ana matumaini mazuri zaidi ya kupona saratani, ndiye ambaye kongosho lake huwa laini na hatari ya kuvuja huwa kubwa. Mwenye mwili mnene naye huongezewa hatari, na vilevile aliyepoteza damu nyingi mezani. Haya familia haiwezi kuyabadilisha, lakini daktari anaweza kuyakadiria na kuyaeleza akiulizwa.

Yanayoweza kubadilishwa ni mengine. Mgonjwa aliyepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake huingia kwenye upasuaji bila akiba. Kidonda hakifungi, mapafu yanashika maambukizi. Wiki mbili za mayai, maziwa, samaki, ndengu na pojo kabla ya kisu si jambo dogo. Mvuta sigara aache angalau mwezi mmoja kabla. Sukari na presha zidhibitiwe. Moyo upimwe, hasa kwa mzee, ingawa umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu upasuaji: mzee wa miaka 75 anayepanda kilima cha Mbooni kwa miguu anaweza kuvumilia kuliko kijana wa 50 mwenye moyo mbovu.

Na umanjano wenyewe ni hatari. Nyongo isipofika tumboni, mwili haunyonyi vitamini K, na bila hiyo damu haigandi vizuri. Sindano ya vitamini K kabla ya upasuaji ni kitu cha bei ndogo. Je, mrija uzibuliwe kwanza kwa kuwekewa kimrija cha plastiki au chuma? Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa waliopasuliwa mapema bila kuwekewa kimrija walipata matatizo makubwa kwa asilimia 39, na waliowekewa kwanza asilimia 74, kwa sababu kimrija huingiza vijidudu na pengine huziba. Lakini Uholanzi mgonjwa alipangiwa upasuaji ndani ya wiki moja. Kwetu, mwenye homa na baridi kutokana na nyongo iliyooza, au aliyeambiwa asubiri miezi miwili, hana budi kuzibuliwa. Swali la kumuuliza daktari ni tarehe ya upasuaji, kwani jibu la kimrija linategemea hiyo.

Kwa maoni yangu, hakuna swali zito kuliko hili: hapa mlifanya upasuaji huu mara ngapi mwaka jana? Wengi wetu huona haya kumhoji daktari. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, uliowaangalia wazee wenye bima ya serikali, ulikuta kwamba katika hospitali zilizoufanya kwa nadra sana walikufa asilimia 16.3, na katika zile zilizoufanya zaidi ya mara 16 kwa mwaka walikufa asilimia 3.8. Tofauti haikuwa kisu peke yake. Ni wauguzi wanaojua dalili ya kuvuja, benki ya damu iliyo tayari, kitanda cha wagonjwa mahututi, na mtaalamu wa kuziba mshipa unaotoka damu saa nane za usiku. Makueni ilisifika tangu 2016 kwa bima yake ya shilingi 500 kwa nyumba kwa mwaka, ikalipia matibabu katika hospitali za kaunti, na ilistahili sifa. Ila kisu cha namna hii ni cha hospitali kubwa, na tangu Oktoba 2024 mambo yako mikononi mwa SHA. Familia iulize mapema kiasi gani kitalipwa, chumba cha mahututi kikiwemo, kabla ya kuuza ng'ombe.

Kisha inakuja safari ya kurudi. Damu inaweza kutoka wiki moja hadi tatu baada ya upasuaji, na mara nyingi hutangulia kidogo tu: kijiko cha damu kwenye mpira, choo cheusi kama lami, matapishi mekundu. Ikitulia, watu hushukuru na kulala. Hiyo si ya kulalia; ni ya kuondoka saa hiyohiyo. Aliye Mutomo au Ikutha yuko mbali mno na aliyemshona, kwa hivyo ikiwa kuna jamaa Nairobi, mgonjwa akae kwake wiki tatu za mwanzo. Homa, tumbo kujaa, kutapika kila anachokula na mguu mmoja kuvimba ni mambo ya kurudisha mtu hospitali. Aliyetolewa wengu pamoja na mkia wa kongosho apate chanjo alizoandikiwa, na akija Kilifi au Kwale asilale bila chandarua, maana malaria humpiga vikali.

Limebaki jambo ambalo Waislamu wengi hawaambiwi. Baada ya kukatwa kongosho, wengi huhitaji vidonge vya vimeng'enya ili chakula kisagike, na vinavyopatikana, kama Creon, hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Nani atamwambia mgonjwa? Asipoambiwa akagundua mwenyewe, huacha kimya kimya, akaanza kuharisha choo cha mafuta na kuyeyuka mwili, na daktari akadhani saratani imerudi. Wanazuoni wengi huruhusu dawa ya aina hii pale dharura inapothibiti na badala yake haipo. Mgonjwa azungumze na sheikh wake na daktari wake kabla ya upasuaji. Vidonge humezwa pamoja na tonge la kwanza, si baada ya kumaliza sahani. Na kwa kuwa sukari ya asiye na kongosho kamili hupanda na kushuka ghafla, saumu ya Ramadhani isianzwe kabla daktari hajapima na kusema.