Wanasayansi wanavyopima mafua ya ndege bila kugusa kirusi chenyewe

Kirusi cha mafua ya ndege aina ya H5N1 si cha kuchezea. Mwaka 1997 kiliwapata watu 18 Hong Kong, na 6 kati yao wakafariki. Tangu 2003, Shirika la Afya Duniani (WHO) limethibitisha maambukizi kwa watu zaidi ya 900, na karibu nusu yao walipoteza maisha.

Ndiyo maana kirusi hai hufunguliwa tu kwenye maabara za ngazi ya 3 ya usalama au zaidi, ambako hewa huchujwa kabla ya kutoka nje. Maabara hizo ni chache, na gharama zake si mchezo.

Sasa utajuaje kama chanjo inafanya kazi bila kukigusa kirusi? Watafiti hukopa koti lake tu.

Ufunguo na mkasi

Juu ya koti hilo kuna protini mbili muhimu. Hemaglutinini, ile H, ni kama ufunguo: inashika sukari iliyo juu ya seli, kisha inamfungulia kirusi mlango. Neuraminidasi, ile N, ni mkasi unaokata sukari hiyo ili virusi vipya visinase kwenye seli vilikotoka. Jina H5N1 limetoka hapo.

Kutengeneza kirusi bandia, yaani sudotaipu, wataalamu huchukua seli za figo ya binadamu zinazokuzwa maabara na kuziingizia vipande vya DNA. Kipande kimoja huunda kiini cha kirusi kingine, mara nyingi HIV. Kingine kina jeni ya kimulimuli, ile inayomfanya mdudu huyo ang'ae usiku. Cha tatu kina hemaglutinini ya H5. Mkasi nao huongezwa, la sivyo chembe zinabaki zimeganda kwenye seli.

Usishtuke kusikia HIV. Jeni za kuzaliana hazimo ndani ya chembe hizo. Zinaingia kwenye seli mara moja, zinawasha taa, basi.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chembe huchanganywa na seramu ya mtu aliyechanjwa, kisha humwagwa juu ya seli. Kingamwili zikiuziba ufunguo, giza. Zikishindwa, seli zinang'aa na mashine inasoma mwanga. Mwaka 2007 timu ya Nigel Temperton ilichapisha kipimo cha aina hii kwa H5N1.

Kipimo cha zamani hutumia chembe nyekundu za damu. Zikiwa za kuku au bata mzinga, mara nyingi hazionyeshi kingamwili za binadamu dhidi ya mafua ya ndege, hivyo maabara zikahamia damu ya farasi. Hata hivyo kipimo hicho huona kingamwili zinazoshika kichwa cha hemaglutinini, si shina lake. Sudotaipu huziona hizo za shina pia, na shina ndilo lisilobadilika haraka.

Kwa nini kuku hufa haraka?

Ufunguo haufanyi kazi mpaka ukatwe kwanza. Kwenye aina zisizo kali, vimeng'enya vya kukata viko hasa kwenye njia ya hewa na utumbo. H5 kali hukatwa na furini, iliyopo karibu kila kiungo, na ugonjwa unasambaa mwili mzima. Hata maabara hulazimika kuongeza kimeng'enya cha kukata inapotengeneza sudotaipu za aina isiyo kali, vinginevyo chembe haziingii popote.

Mwaka 2012 dunia ya sayansi ilivutana vikali baada ya timu mbili kubadili virusi hai vyenye hemaglutinini ya H5 vikaweza kuambukiza fereti kwa njia ya hewa. Utafiti huo ulisimamishwa kwa muda. Badiliko la hemaglutinini likiwekwa kwenye sudotaipu, unaona kama ufunguo umeanza kupenda sukari ya koo la binadamu, bila kuzalisha kitu kinachoweza kutoroka.

Wala kirusi hakihitaji kusafirishwa. H5N1 ilipogunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa Marekani Machi 2024, maabara ya nchi nyingine ingeweza kusoma mpangilio wa jeni mtandaoni na kuagiza itengenezewe kipande hicho tu.

Ila koti si kirusi kizima. Uwezo wa kuzaliana ndani ya seli za binadamu unategemea pia jeni za ndani, kama PB2, ambazo sudotaipu haina. Kwa maswali hayo, watafiti bado wanarudi ngazi ya 3.