Clara Barton: mama aliyetafuta waliopotea na kuwasimamisha waliobaki bila nyumba



Kuna maswali mawili yanayorudi karibu kila mkutano wa chama chetu. La kwanza: mtu aliyerudi na kukuta hana nyumba wala shamba, tumsaidie namna gani ili asibaki miaka yote akinyoosha mkono? La pili: franga za chama nani anazishika, na nani anaona zilivyotumika? Si sisi wa kwanza kuumizwa vichwa na maswali hayo. Kuna mama mmoja wa Marekani aliyeyabeba maisha yake yote. Swali la kwanza alilijibu vizuri sana. La pili lilimuangusha akiwa mzee wa miaka 82. Jina lake ni Clara Barton, na ndiye tunayemleta safari hii katika sehemu yetu ya historia.

Mwalimu aliyefuata majeruhi

Alizaliwa siku ya Noeli ya mwaka 1821 kijijini North Oxford, jimbo la Massachusetts, kitinda mimba wa watoto watano. Baba yake alikuwa askari wa zamani, na mtoto alikua akisikia masimulizi ya vita. Akiwa bado msichana mdogo, kaka yake David alianguka kutoka juu ya paa la ghala. Clara alikaa karibu na kitanda chake akimuuguza kwa muda wa miaka miwili hivi. Kazi ya kuhudumia mgonjwa aliijulia hapo nyumbani, hakuna shule iliyomfundisha.

Baadaye akawa mwalimu. Mwaka 1852, katika mji wa Bordentown, New Jersey, alifungua shule ya bure kwa watoto ambao wazazi wao hawakuweza kulipa. Ilianza na watoto wachache, ikajaa mamia. Ilipokwisha kuwa kubwa, wakubwa wa mji wakaleta mwanaume awe mkuu wa shule juu yake. Clara akaondoka, akaenda Washington kufanya kazi ya kuandika makaratasi katika ofisi ya serikali.

Alikuwa hapo Washington mwezi wa 4 mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Kikosi cha vijana wa Massachusetts kilishambuliwa na watu mjini Baltimore kikiwa njiani. Kikafika Washington kimepoteza mizigo yake, kikalazwa ndani ya jengo la Bunge. Clara alikwenda kuwaona, na kumbe wengine walikuwa watoto aliowafundisha zamani. Akachukua mashuka yake akayachana kuwa vitambaa, akatafuta chakula, sindano, uzi, sabuni. Alipoona hakuna ofisi inayoshughulikia vitu vidogo kama hivyo, akaanza kuwaandikia akina mama wa kwao watume. Vitu vikaja mpaka chumba chake kikajaa.

Mwaka 1862 alipata ruhusa ya kufika penyewe kwenye mapigano. Kule Antietam, tarehe 17 mwezi wa 9, alikuwa ameinama akimnywesha majeruhi maji, risasi ikapita katika mkono wa nguo yake ikamuua yule askari. Mwaka uliofuata alikuwa pwani ya South Carolina, wakati askari weusi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts waliposhambulia ngome ya Wagner na wengi wakaanguka. Aliwahudumia waliojeruhiwa hapo, weusi kwa weupe. Mshike hilo jina la South Carolina, tutalirudia.

Kutafuta majina

Vita viliisha mwaka 1865. Bunduki zilinyamaza, lakini maelfu ya familia walikuwa hawajui mtoto wao yuko wapi. Je, alikufa? Alizikwa wapi? Ama yuko hai katika hospitali fulani, au amepotelea kusikojulikana? Serikali ilikuwa na orodha zisizokamilika, na mama mjane wa kijijini hakujua aulize mlango gani.

Kwa kibali cha Rais Lincoln, Clara alianza kazi ya kuwatafuta. Ofisi yake ilikuwa katika vyumba vyake vya kupanga, ghorofa ya juu ya nyumba moja ya barabara ya 7 mjini Washington. Namna yake ilikuwa rahisi. Familia iliandika jina la mtu wao na kikosi chake. Yeye aliyapanga majina kufuata majimbo, akachapisha orodha, zikabandikwa katika posta na kutiwa katika magazeti. Askari aliyerudi akisoma orodha na kuona jina la mwenzake, aliandika: huyu nilimwona akianguka mahali fulani, huyu nilimzika mimi mwenyewe. Yaani waliorudi ndio waliotoa habari za wasiorudi.

Kazi ilimaliza karibu miaka minne. Ofisi ilipokea barua 63,182, na ikapata habari za askari zaidi ya 22,000. Sehemu ya gharama aliilipa kwanza na mali yake mwenyewe, hadi Bunge likamrudishia dola 15,000 mwaka 1866. Mara moja moja alipata mtu ambaye hakufurahi kupatikana. Askari mmoja alimwandikia kwa hasira, akiuliza kwa nini jina lake linatangazwa nchi nzima. Clara alimjibu bila kumbembeleza: kosa ni la yeye aliyewaacha watu wake wakitaabika bila habari.

Alisaidiwa sana na kijana aitwaye Dorence Atwater. Huyu alifungwa katika kambi ya wafungwa wa vita ya Andersonville, Georgia, mahali ambapo karibu watu 13,000 walikufa kwa njaa na magonjwa. Kambini alipewa kazi ya kuandika vifo, naye kwa siri akanakili orodha yote na kuificha. Mwaka 1865 Clara alikwenda naye Andersonville pamoja na mafundi waliotumwa na serikali. Makaburi yalikuwa na namba tu. Kwa kufuata orodha ya Atwater waliweka jina juu ya karibu kila kaburi, yakabaki mia nne na kitu ambayo hayakujulikana.

Sisi tuliopita kambini tunaielewa kazi hii bila kufasiriwa. Nani kati yetu hajaona watu wamesongamana mbele ya ubao, kila mtu anatafuta jina la ndugu yake? Nani hajangojea ile karatasi ya Croix-Rouge inayotoka ng'ambo ya ziwa, maneno machache tu: tuko hai, tuko mahali fulani? Mtu anapopoteza nyumba, watu wanaona tofali na mabati yaliyopotea. Kitu kinachotangulia kupotea ni kujulikana: nani anajua niko wapi, na nani ananiita kwa jina langu.

Nyumba, mbegu na mifereji

Alipokwenda Ulaya kupumzika mwaka 1869, Clara alisikia habari za Msalaba Mwekundu huko Geneva. Mara vita vya Ufaransa na Wajerumani vikamkuta huko. Katika mji wa Strasbourg uliobomolewa na mizinga, alikuta akina mama wamechakaa, hawana kitu. Badala ya kugawa nguo zilizokwisha kushonwa, alifungua mahali pa kushona. Akina mama walishona nguo za kuwavika wenzao, na wakalipwa kwa kazi yao.

Aliporudi kwao, alihangaika miaka mpaka tarehe 21 mwezi wa 5 mwaka 1881 chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani kikaanzishwa, yeye akiwa rais wake. Alikuwa na miaka 59. Alitaka chama kisingojee vita tu, kisaidie pia watu wa mafuriko, moto na njaa.

Mwaka 1889 bwawa lilipasuka juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, watu zaidi ya 2,200 wakafa. Clara alifika baada ya siku chache na kukaa miezi mitano. Alijenga nyumba kubwa za mbao zenye vyumba, meza na mashuka, ili waliokosa makao walale kama watu.

Lakini kazi inayotufaa zaidi ni ile ya visiwa vya South Carolina. Mwezi wa 8 mwaka 1893 tufani lilipiga visiwa hivyo, bahari ikapanda juu ya nchi. Watu zaidi ya elfu moja walikufa, na kama 30,000 walibaki bila nyumba wala chakula. Karibu wote walikuwa watu weusi, waliotoka katika utumwa miaka thelathini tu nyuma. Tusisahau kwamba wengi wa mababu zao walichukuliwa kutoka upande huu wetu wa Kongo na Angola. Tena kati yao walikuwamo askari wa zamani, kwa sababu katika visiwa hivyo ndimo vikosi vya kwanza vya waliotoka utumwani viliandikishwa mwaka 1862. Mtu alipigania nchi, akanunua kipande cha shamba, sasa maji yameondoka na vyote.

Bunge lilikataa kutoa pesa. Clara alikuwa na michango ya watu tu, kama dola 30,000: dola moja kwa mtu, kwa miezi kumi! Ukigawa zile dola mkononi, zinaisha wiki moja. Alifanya nini?

Chakula kilitolewa kidogo sana, unga wa mahindi na kipande cha nyama ya nguruwe kwa wiki, kiasi cha kuzuia mtu asife. Aliyefanya kazi ya wote alipata zaidi. Na kazi ilikuwepo: maji ya chumvi yalikuwa yameharibu mashamba na visima, basi watu walichimba mifereji chumvi ioshwe na maji ya mvua yatoke. Wanaume walipewa vyombo na mbao wakajenga nyumba zao. Akina mama wakaunda vikundi vya kushona na kutengeneza nguo zilizotumwa. Halafu zikaja mbegu, kabla ya majira ya kupanda. Clara alijua hesabu ya mkulima: mbegu ikichelewa mwezi mmoja, umenunua njaa ya mwaka mwingine. Katikati ya mwaka 1894 mashamba yalikuwa yamesimama, yeye akafunga mizigo akaondoka. Hakuacha nyuma yake watu wanaopanga mstari.

Alifanya vilevile Galveston, Texas, mwaka 1900, tufani lilipoua watu zaidi ya 6,000. Alikuwa na miaka 78. Kati ya vitu alivyowatafutia wakulima wa huko kulikuwa na miche milioni moja na nusu ya matunda ya strawberry, ambayo ndiyo waliyokuwa wakilima na kuuza.

Daftari lililomuangusha

Tungeweza kumalizia hapo, wote tupige makofi. Lakini historia ya nusu haitusaidii.

Clara Barton hakupenda mambo ya hesabu zenye mpango. Franga za wafadhili na zake mwenyewe alizitumia kutoka mfuko mmoja. Penye njaa alitoa zake bila kuandika. Kesho yake alitumia za chama, hapo pia maandishi yakawa machache. Nyumba yake ya Glen Echo, Maryland, iliyojengwa kwa mbao zilizorudishwa kutoka Johnstown, ilikuwa makao yake, ofisi ya chama, na ghala la vitu, vyote pamoja. Maamuzi aliyachukua yeye, na waliouliza aliwaona kama adui.

Wakati chama kilikuwa kidogo watu walimwamini kwa jina lake. Kilipokua, wanamemba wengine wakaanza kudai ripoti, na kelele zikafika mpaka Bungeni. Uchunguzi ulifungwa bila kumpata na hatia ya wizi. Lakini alishindwa kuonyesha makaratasi yanayomtetea, na mwezi wa 5 mwaka 1904 akaacha chama alichokizaa. Mwaka 1905 sheria mpya ikaamuru hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka. Yeye akaendelea kufundisha watu huduma ya kwanza, akafa tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka 1912, akiwa na miaka 90.

Inauma kusoma hivyo. Mama aliyetunza majina ya maelfu ya marehemu, alikosa kutunza karatasi za franga. Moyo wake ulikuwa safi, lakini moyo hauonekani katika mkutano. Kinachoonekana ni daftari.

Kwetu sisi

Wandugu, tuko na familia zilizofika na turubai moja, na tuko na wazee waliobeba silaha zamani, leo hakuna anayewauliza habari. Kabla ya kuuliza chama kina kiasi gani, tuanze na orodha: nani amerudi, nani hajaonekana, nani yuko peke yake. Tukinunua, tutangulize majembe na mbegu, na zifike kabla ya mvua. Msaada wa chakula uwe na siku ya mwisho inayojulikana. Kazi ya wote, kama kisima au barabara, ifanywe na wale wanaosaidiwa, pamoja na majirani waliowakuta.

Na ninyi wafadhili, msione haya kutuuliza. Mtu anayeomba kuona daftari la chama hatutukani. Anatuepusha na aibu iliyomkuta mama Clara uzeeni. Mwanamemba wa kawaida naye, hata aliyetoa franga 500 tu, ana haki hiyo hiyo: aje siku ya mkutano, aombe daftari, alifungue mbele ya wote.