Chui wangu wa bluu na hiyo "jadi ya mababu"

Nilikuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo tuache siasa, tuongee habari za chui.

Jumamosi iliyopita, kwenye darasa la kuchora ninalohudhuria hapa Dar, mwalimu alitugawia turubai na rangi za akriliki. Akatuambia kila mtu achore mnyama wa kuchekesha "kwa mtindo wa jadi wa mababu zetu", yaani Tingatinga. Nikaanza chui wa bluu mwenye macho kama sahani. Lakini hayo maneno yalinikera, maana ukweli si huo.

Tingatinga si kabila, wala si lile katapila la kubomolea nyumba. Ni mtu: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, 1932. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta maisha. Alianza kuchora mwaka 1968. Jamani, mama yangu mzazi ana umri mkubwa kuliko hiyo jadi!

Hakuwa na hela ya vifaa vya wasanii. Alitumia hadibodi, ile ya kupigia dari, iliyokatwa mraba, na rangi ya kung'aa ya baiskeli. Picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Rangi ile inachelewa kukauka. Unapaka rangi moja ubao mzima, unasubiri. Unamweka mnyama, unasubiri tena, ndipo unaweka madoa, nayo yanabaki yaking'aa kama pikipiki mpya. Akriliki haina subira hiyo. Inachanganywa na maji, na kabla sijamaliza sikio moja ilishaganda kwenye sahani. Madoa yangu yakafifia, chui akaonekana kama ana upele.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Tingatinga hapa hapa Dar es Salaam, wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu zake, ndio walioendelea, na mwaka 1990 wakaanzisha chama chao cha ushirika. Picha zimezagaa dunia nzima, mpaka kwenye vikombe na fulana.

Sasa ukisema ni jadi ya mababu, huyu mtu unamfuta. Unafuta na risasi yenyewe. Mababu hawana mjane, hawadai chochote, na hakuna anayeuliza walikufaje.

Nilinyoosha mkono nikayasema haya, kwa kifupi na kwa adabu. Mwalimu akanisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Haya mwandishi, malizia chui wako." Wenzangu wawili wakaja kuniuliza hilo jina linaandikwaje. Nikawaandikia kwa brashi pembeni ya sahani, ikakauka papo hapo.

Chui nimemtundika chumbani. Jicho moja limevimba.