Mateka, Mfungwa na Mahabusu: Jina na Haki ya Mtu Kambini

Katika madarasa yetu ya Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hutokea mara kwa mara kwamba mwanafunzi hulitumia neno "mfungwa" kwa kila mtu aliyewahi kukaa nyuma ya waya. Askari aliyekamatwa vitani ni mfungwa. Mwanakijiji aliyechukuliwa usiku pasipo kushitakiwa naye ni mfungwa. Sisi walimu husahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha tukaendelea na somo. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kuwa kosa hilo lastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu katika historia ya Afrika Mashariki tofauti ya maneno haya imewahi kuwa tofauti ya uhai na mauti.

Tuanze na maneno yenyewe. Mateka latokana na kitenzi teka: ni mtu aliyetwaliwa na adui. Wazee wa Mbarara wasemapo kuwa mji wao ulitekwa na majeshi ya Tanzania mwezi wa Februari 1979, hutumia kitenzi hicho hicho. Mfungwa, kwa maana ya kisheria, ni yule aliyehukumiwa na mahakama. Mahabusu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni aliyezuiliwa hali hajahukumiwa. Kamusi yaweza kuishia hapo. Historia haiishii hapo.

Katika Vita Vikuu vya Pili, baada ya majeshi ya Italia kushindwa Ethiopia mwaka 1941, makumi ya maelfu ya askari na raia wa Kitaliani waliletwa Kenya na kuwekwa makambini. Hao waliitwa mateka wa vita, na jina hilo lilikuwa na sheria nyuma yake. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1929 yalikataza mateka kupigwa, yaliwapa haki ya kuandika barua na kulipwa kwa kazi, na yaliamuru kwamba mateka aliyetoroka akikamatwa asipewe zaidi ya adhabu ya nidhamu, nayo isizidi siku 30 za kifungo.

Sheria hiyo ilijaribiwa Nanyuki. Mwezi wa Januari 1943 mateka watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini ili wapande Mlima Kenya. Barsotti aliugua akabaki chini. Wenzake wawili walishindwa kufika kilele cha Batian, lakini walifika Lenana wakasimika bendera ya nchi yao. Kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke. Mkuu wa kambi, akiuheshimu ushujaa wao, aliwaachilia baada ya siku 7.

Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, na ni haki. Lakini yatupasa tuulize: je, Waitalia wenyewe waliwatendeaje watu waliowakamata? Huko Danane, karibu na Mogadishu, serikali ya Kifashisti iliwafunga maelfu ya Waethiopia, hasa baada ya jaribio la kumwua Graziani mjini Addis Ababa tarehe 19 Februari 1937. Wengi walikufa kwa njaa, maradhi na maji mabaya. Walikuwa wametetea nchi yao, lakini hawakuitwa mateka. Waliitwa waasi, na mwasi hakuwa na mapatano ya kumkinga.

Basi turudi Kenya, chini ya serikali ile ile iliyowatunza Waitalia. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau. Ndege za kivita zilitumika, majeshi yaliletwa kutoka Uingereza, na mwishoni mwa mwaka 1954 watu zaidi ya 70,000 walikuwa makambini, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Hata hivyo neno "vita" liliepukwa. Waliokamatwa hawakuwa mateka, maana hapakuwa na vita. Na wengi hawakuwa wafungwa, maana hawakufikishwa mahakamani. Walikuwa watu wa kizuizini, waliochujwa na kupangwa kwa rangi: weupe, wa kijivu na weusi, kadiri walivyodhaniwa kuungama au kukaidi.

Waliohesabiwa kuwa wakaidi kabisa walipelekwa Hola, kando ya Mto Tana. Huko walikataa kazi ya kulazimishwa, wakishika kwamba wao ni watu waliozuiliwa kwa sababu za siasa. Tarehe 3 Machi 1959 watu zaidi ya 80 walitolewa nje wafanyishwe kazi kwa nguvu, na askari wa gereza wakawapiga marungu. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kwamba walikufa kwa kipigo. Jina la mahali hapo nalo likabadilishwa kwa kipindi, likawa Galole, kabla ya kurudi Hola.

Miaka 16 tu yaitenga Nanyuki na Hola. Nanyuki, mtoro alipata siku 7. Hola, aliyekataa jembe alipata kifo. Wala haisemeki kwamba sheria haikuwapo. Mapatano mapya ya Geneva ya mwaka 1949 yalikuwa na kifungu cha tatu, kinachokataza kumtesa yeyote aliyekamatwa hata katika vita vya ndani ya nchi moja, na Uingereza iliyaridhia mwaka 1957. Kilichokosekana ni utayari wa kuiita vita kwa jina lake.

Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri Bungeni kwamba Wakenya waliteswa, ikaeleza masikitiko yake, na ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wengi wa waliostahili walikuwa wamekwisha kufa.

Ndugu walimu, sisi tufundishao Juru tuna wanafunzi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na baadhi yao hawahitaji kuelezwa kambi ni nini. Kwao somo hili si la msamiati mtupu. Twapendekeza kwamba tufundishapo mateka, mfungwa na mahabusu, tusiishie kwenye maana; tuulize pia: ni nani aliyempa mtu huyu jina hilo, na jina hilo limempa haki gani au limemnyang'anya haki gani? Mwanafunzi ajifunze kuchagua neno sahihi. Lakini ajifunze vilevile kwamba chini ya majina yote matatu kuna jina moja lililotangulia, nalo ni mtu. Pale Hola hilo ndilo lililosahauliwa.