Wakfu: Neno Lililosimama

Katika toleo hili tunalitazama neno wakfu. Mwanafunzi wa Munuki, aliyekulia katika Kiarabu cha Juba, akisoma “shamba hili ni wakfu”, husikia mzizi anaoutumia nyumbani kwa maana ya kusimama. Mwalimu hutaka kumsahihisha papo hapo: wakfu ni kitu kilichotengwa kwa ajili ya Mungu. Tunashauri asiharakishe.

Neno hili limetokana na Kiarabu waqf, na kitenzi chake waqafa maana yake ni simama. Kwa mafundisho ya Kishafii yanayofuatwa pwani, mali ikiwekwa wakfu husimama: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Kinachotembea ni manufaa yake tu. Ndivyo zilivyowekwa nyumba na mashamba mengi ya Unguja na Mombasa. Nayo Biblia ya mwaka 1952 ikatumia neno hilohilo kwa makuhani, likahama kutoka mali hadi mtu.

Tenga, neno la Kibantu, ni pana zaidi. Chakula hutengwa mezani, fedha hutengwa katika bajeti, na mtu hutengwa na wenzake. Kura ya Sudan Kusini ya Januari 2011 nayo ilielezwa kwa Kiswahili kuwa ya kujitenga. Kilichotengwa chaweza kurudishwa. Cha wakfu hakirudi.

Basi mwanafunzi wetu hakukosea. Mzizi anao tayari, amebakiza matumizi. Tukiufuta mzizi huo, tutakuwa tumemnyang’anya nusu ya somo.